Mzima Namba Tatu

Ijumaa hiyo, saa saba mchana, Daktari alitoka maabara bila kuaga mtu. Koti lake jeupe aliliacha juu ya kiti, sahani za seli akazirudisha kwenye kabati la joto, na karatasi moja akaikunja mara nne akaitia mkobani. Njia nzima aliukumbatia mkoba ule kama mtu anayepita penye vibaka.

Tuelewane mapema: huyu hakuwa daktari wa kutibu watu. Alikuwa daktari wa seli, aliyesoma mpaka vyeti vikajaa ukutani kwa mama yake, lakini ndugu zake hawakutaka kabisa kuielewa tofauti hiyo. Kila walipokutana kwenye shughuli hakukosekana mjomba wa kukunja suruali amwonyeshe goti. Akiwaambia waende hospitali, wanasema anaringa.

Kazi yake ilikuwa kufuatilia mizigo. Ndani ya seli, vitu vinavyotengenezwa hufungwa kwenye vifuko vidogo vya utando, vikasafirishwa mpaka mahali vinapotakiwa. Ndivyo ilivyo hata ndani ya jicho. Mizigo ikikwama njiani, sehemu inayonasa mwanga hukosa haki yake na kufa polepole. Mtu huanza kwa kutoona vizuri jioni, kisha pembeni panafifia, na miaka ikienda anabaki kuutazama ulimwengu kupitia katikati tu, padogo, kama anayechungulia tundu la ufunguo. Ni ugonjwa wa kurithi. Ili umpate mtoto, lazima arithi kasoro kwa baba na kwa mama. Mwenye kasoro ya upande mmoja huishi mzima mpaka uzee, na wala hajui kama anayo.

Mwanaume aliyempenda alikuwa na ugonjwa huo. Walikutana miaka miwili nyuma, cherehani ya mama yake Daktari ilipogoma na Daktari akatumwa kuipeleka kwa mwanaume huyo, fundi wa cherehani. Fundi aliifungua yote, akaifunga yote, macho yake yakiwa yanatazama mlangoni. Daktari akamkodolea macho kwa namna ambayo si ya heshima hata kidogo. "Uliza tu, dada," yule fundi akamwambia. "Ukiendelea kunitazama hivyo nitakutoza." Basi, kuanzia hapo cherehani ya mama ikawa inaharibika kila wiki.

Sasa posa ilikuwa imepelekwa, na kesho yake, Jumamosi saa nne, ukoo ungekaa kutoa jibu.

Karakana ilikuwa chumba kimoja, kati ya duka la vitambaa na duka la viatu. Fundi alikuwa ameinamia cherehani ya mguu, kichwa amekilaza kushoto, vidole vimezama kwenye tumbo la mashine. Hakugeuka. Alizijua hatua za mpenzi wake, akamwambia amekuja mapema, na amekuja na jambo.

Daktari alikuwa ameipanga hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho. Yote ikayeyuka.

"Na mimi ninayo," alisema.

"Una nini?"

"Kasoro yako. Ya upande mmoja. Ninaibeba."

Akamweleza, amesimama vilevile. Maabara yao ilikuwa na desturi ya zamani: kila mfanyakazi mpya hutoa kipande kidogo cha ngozi, seli zake zikakuzwa, zikawa ndizo za kulinganishia na za wagonjwa. Si wako wazima? Basi waliitwa Wazima. Yeye alikuwa Mzima Namba Tatu. Miaka minne alizitumia seli zake mwenyewe kama kipimo cha uzima, na miezi sita ya mwisho zilikuwa zimemtesa. Mizigo ilikuwa ikifika, lakini imechelewa. Alilaumu kabati la joto. Akailaumu dawa ya rangi, akaulaumu mkono wake, akarudia jaribio mara kumi na moja. Mtu anayechunguza kasoro hii mchana kutwa hakufikiria hata siku moja kujisoma yeye, kuzipima chembe zake za urithi. Jumatatu ndipo alipojisoma. Jumanne mama yake alikubali kutoa damu bila maswali mengi, na leo karatasi imetoka. Mama hana. Imetoka kwa marehemu baba.

Fundi alitoa vidole mashineni. Akachukua kitambaa akajifuta mafuta, kidole kimoja kimoja, na alipomaliza akaanza upya. Daktari alijua anachokihesabu moyoni. Kliniki ya macho walimwambia kwamba akioa mwanamke asiye na kasoro hii, hakuna mtoto wake hata mmoja atakayeugua. Hilo ndilo lililompa moyo wa kupeleka posa; lisingekuwepo, asingethubutu.

"Kwa hiyo mtoto," alisema hatimaye.

"Nusu kwa nusu. Kila atakayezaliwa."

"Kesho sitakuja."

"Utakuja."

"Nisikilize, mpenzi. Waache wanikatae. Mimi nimeshakataliwa sana, ngozi imekomaa. Hiyo karatasi ichome, hakuna anayejua. Utampata mwingine asiye na kitu hiki, utazaa watoto wenye macho yao, na haya yote yataisha."

"Loo, umeshanitafutia na mume," alisema Daktari. "Ana kazi huyo? Mrefu au mfupi?"

Fundi hakucheka. Akamwambia kwamba kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwake, huketi kitandani mahali palepale, akatazama msumari mmoja ukutani, kisha akapima ni wapi ukuta unapoishia. Mwaka juzi alikuwa anaona mpaka kwenye swichi ya taa. Mwaka huu swichi haipo. "Wewe unaijua hii kwa darubini," alisema. "Mimi ninaijua kwa ukuta wangu. Siwezi kumfanyia mtoto wangu hivi, halafu nimtazame usoni nimwambie nilikuwa ninajua."

Maneno hayo yalimchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Lakini Daktari alikuwa amelia yake yote tangu Jumatatu, na shauri alishalikata.

"Kikao ni saa nne," alisema. "Nitawaambia yote, uwepo usiwepo."

"Utauanika ukoo wako mbele ya wazee wako?"

"Ni damu yangu. Nitaitaja."

Alitoka. Hakufika mbali, mbele ya duka la viatu machozi yakamshinda, akasimama pale akijifanya anatazama kiooni. Mwenye duka akatoka, akamtazama kwa huruma, akamwambia asilie dada, bei inazungumzika.

Jumamosi sebule ya mama yake ilifurika. Baba Mkubwa, kaka wa marehemu baba yake, alikaa kwenye kiti cha mikono. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, na hakuwahi kustaafu kuhutubia. Hata watu watano alizungumza nao kana kwamba wamepanga mstari uwanjani. Shangazi, dada yao mdogo, alikaa kwenye kochi, mkoba mapajani. Mama aliandaa chai, akapanga vikombe, na kimoja akakiweka mbele ya kiti kilichokuwa kitupu.

Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Kiti kikabaki hivyohivyo.

Baba Mkubwa akasafisha koo. Alisema kijana ni mpole, hilo hakatai, na cherehani anazijua. Lakini ndoa haifungwi na upole. Ukoo wa yule kijana una upofu: mjomba wake alikufa akiongozwa na fimbo, na dada wa kijana mwenyewe ndiye huyo anayepapasa meza kutafuta kikombe. Mtu haleti ugonjwa nyumbani kwa miguu yake mwenyewe. Ukoo huu, Baba Mkubwa alisema akihesabu kwa vidole, umetoa walimu, umetoa wauguzi, umetoa hata mtu wa kutengeneza barabara, na hakuna aliyewahi kuonekana akipapasa ukuta. "Sisi ni safi," alisema. "Tubaki safi. Isitoshe, muoaji mwenyewe hakutokea. Mtu mwenye nia yake hasubiriwi."

Wahenga walishasema, nyani haoni kundule. Daktari akaweka kikombe chini, akasimama, akaomba ruhusa ya kusema, akapewa.

Akawaambia. Hakutumia maneno ya maabara. Alisema seli alizokuwa akiziita za mtu mzima ni zake, na zina kasoro ileile ya yule kijana, ila ya upande mmoja. Karatasi akaiweka mezani, katikati ya vikombe.

"Umeitoa kwa mama yako hiyo," alisema Baba Mkubwa upesi.

"Mimi nimepima, shemeji," alisema Mama. "Sina." Akamwongezea chai bila kuombwa.

Baba Mkubwa akasema mashine hukosea. Akasema vijana wa siku hizi wanaabudu karatasi. Akasema marehemu mdogo wake alikuwa na macho ya mwewe, na kabla yake baba yao mzazi, ambaye alikuwa na udhaifu wake, ndiyo, kila mtu anajua, mzee alikuwa mtu wa chupa, lakini macho yake hayakuwa na neno.

"Kaka," alisema Shangazi.

Alisema kwa sauti ya chini, na wote wakageuka, kwa sababu Shangazi kwenye vikao huwa hasemi kitu.

"Kaka, tumefunika kombe vya kutosha. Baba hakuwa mlevi."

"Nyamaza wewe, ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka tisa. Mimi ndiye niliyekuwa ninatumwa kila siku saa kumi na moja kwenda kumchukua kazini, jua halijazama. Likizama kabla hatujafika anagonga kila kitu. Anaingia mtaroni. Anaisalimia miti. Watu wakisema, mlevi huyo anarudishwa na mtoto. Nikamuuliza mama kwa nini tusiwaambie. Akasema, waache waseme mlevi. Binti wa mlevi anaolewa. Binti wa kipofu haolewi." Akafungua mkoba akatafuta kitambaa, hakukipata, akajifuta kwa kiganja. "Mzee wa watu hajawahi kuonja hata tone. Tumemzika na jina hilo. Na wewe, kaka, ulikuwa ukituona tunakuja unavuka barabara, wenzako wasijue kuwa ni baba yako."

Daktari alikuwa hajui. Alijua kasoro imetoka upande wa baba, lakini tangu utotoni alikuwa amelishwa hadithi ya babu mlevi kama watoto wanavyolishwa uji, na aliwahi kuwachekesha wenzake shuleni kwa hadithi hiyo. Aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Kisha ile aibu ikageuka hasira.

Baba Mkubwa alikuwa amekitazama kikombe chake muda mrefu. Lakini mwalimu mkuu ni mwalimu mkuu, akainua kichwa.

"Sawa," alisema. "Na iwe hivyo. Basi ndiyo kabisa! Yeye anao, wewe unaubeba, mtazaa vipofu. Binti yangu, umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe."

"Nusu kwa nusu, Baba Mkubwa. Hesabu ninaijua kuliko mtu yeyote hapa ndani. Sikuja kuificha."

"Na bado unamtaka?"

"Ninampenda. Na ndiyo, ninamtaka."

"Unawataka na hao watoto wa giza?"

"Babu alikuwa haoni," alisema Daktari, na sauti yake sasa ilikuwa imetulia kuliko alivyotegemea. "Angekuwepo mtu mwenye hekima kama zako siku ile, angemwambia asioe. Angemtii, wewe ungekuwa wapi leo, Baba Mkubwa? Shangazi angekuwa wapi? Mmezaliwa saba kwa mtu yule. Amewasomesha. Nitajieni mmoja wenu ambaye ingekuwa afadhali asizaliwe."

Shangazi akaushika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Mimi pia ninaogopa," aliendelea. "Msidhani siogopi. Lakini kilichomuumiza babu hakikuwa macho peke yake. Aliumizwa na nyumba nzima iliyoona heri aitwe mlevi. Kwangu hilo halitatokea. Nimekuja kuwapa heshima yenu ya kuwaambia, wazee wangu. Ruhusa ninaiomba, ndiyo, na mkininyima nitaolewa bila hiyo."

Baba Mkubwa akapiga mkono wa kiti. "Ukitoka mlango huo kwenda kwake, mimi sitasimama kwenye harusi yako."

"Basi utakaa, Baba Mkubwa. Viti vitakuwepo."

Mama akainama ghafla kuokota kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Daktari akatoka, na kwa nyuma akamsikia Shangazi akiuliza kama chai imebaki.

Karakana ilikuwa wazi. Fundi alikuwa ameketi kwenye stuli mbele ya cherehani ileile ya jana, haigusi. Alikuwa amevaa shati jeupe la mikono mirefu, lile zuri, na viatu vimepigwa rangi. Kwenye pindo la mkono wa shati palikuwa na doa bichi la mafuta. Mtu yule alikuwa amevaa kwenda kwenye kikao, akaishia pale.

"Tangu saa ngapi umekaa hivyo?" Daktari alimuuliza.

"Saa tatu." Akalikuna lile doa kwa ukucha. "Wamesemaje?"

"Baba Mkubwa amekataa. Shangazi analia, na nadhani yuko upande wetu. Mama amekuwekea chai tangu saa nne, inapoa."

"Na wewe?"

"Mimi nilikubali tangu Jumatatu. Sasa umebaki wewe."

Fundi akaigeuza shingo yake polepole, akimtafuta, mpaka akampata katikati ya kale kanafasi kalikobaki. Daktari alikuwa amesimama akisubiri atafutwe, kwa sababu alikuwa ameshazoea, na kwa sababu hakuna kitu alichokipenda duniani kama kule kupatikana.

"Akizaliwa akawa na yangu," Fundi alisema. "Anafika miaka kumi, ananiambia, baba, jioni sioni mpira. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia na wewe ulikuwa huuoni. Utamfundisha unavyofanya. Mimi nitamwambia kwa nini, nitamchorea na picha. Babu yangu hakuwa na mtu wa kumwambia hata moja kati ya hayo." Akamweleza kwa ufupi habari za mzee aliyeitwa mlevi. Fundi akasikiliza, taya limekaza.

"Na dawa?"

"Siwezi kukuahidi dawa. Ninaitafuta kila siku, unajua. Lakini sitakudanganya ili unioe."

"Unanitisha wewe mwanamke."

"Najua."

"Hunibembelezi hata kidogo."

"Nimeshabishana na Baba Mkubwa leo, pumzi imeniishia. Fundi, nilikuwa ninaweza kuchoma ile karatasi. Nilikuwa ninaweza kukuficha, tukaoana, tukaona kitakachotokea. Nimekuambia kwa sababu ninataka unichague ukiwa unajua. Kama huwezi, sema sasa hivi. Nitalia, nitapona. Lakini usinikimbie kwa ajili yangu, kana kwamba unanifanyia hisani."

Fundi alinyanyuka, akapapasa ukutani akachukua funguo, akavuta mlango wa karakana mpaka chini, akapiga kufuli mbili. Mama mmoja alikuwa anakuja na cherehani kichwani. Fundi akamwambia, Jumatatu, mama, samahani sana, leo nina shughuli. Kisha wakaenda, jua la saa sita likiwa juu ya vichwa vyao. Daktari hakuthubutu kumuuliza kama wanakwenda kuomba au kuaga.

Sebuleni walikuwa bado wamekaa. Kikao kilichovunjika mara nyingi huendelea kwa sababu ya chai. Fundi alisimama mlangoni, akasalimia kila mzee kwa zamu yake, shikamoo, shikamoo, akigeuza kichwa taratibu mpaka awapate wote mmoja mmoja. Baba Mkubwa hakuitikia.

"Saa nne hukuonekana," alisema. "Sasa hivi nani amekuita hapa?"

"Mke wangu," alisema Fundi.

Shangazi akasogea kwenye kochi, akampisha akae.